Bangili Katika Sehemu ya Pili

Nasra Pandu alizitambua bangili kabla hajazitambua hatua. Alikuwa ameketi katika chumba kidogo nyuma ya jukwaa la ukumbi mmoja wa muziki huko Parktown, Johannesburg, hedifoni masikioni, macho yakiifuata mistari ya kijani iliyopanda na kushuka kwenye kioo cha kompyuta. Upande wa pili wa ukuta, Orkesta ya Mji wa Wiesenbrück, kutoka Ujerumani, ilikuwa imefika sehemu ya pili ya simfonia, ile ya polepole, na vyombo vyote vilikuwa vimenyamaza ili kuipisha oboe, zumari ya Kizungu, iseme peke yake, nayo ilikuwa imefika kwenye noti yake ya mwisho. Ndipo ikasikika sauti ambayo mtunzi hakuiandika. Vitu vyepesi vya dhahabu viligongana, vikatulia, vikagongana tena, na chini yake viatu vya kisigino kifupi vilikanyaga mbao za ukumbi bila haraka yoyote.

"Nani huyo anatembea?" aliuliza Mwaniki, Mkenya ambaye walikuwa wakiendesha pamoja studio ndogo kule Midrand. "Maikrofoni zote zinamshika!"

Nasra alizibana hedifoni masikioni. Bangili zile zilimwogesha, zilimsuka nywele, zilimkanya utotoni kwa kutikiswa tu. Angezitambua hata katikati ya kelele za stendi ya teksi.

"Ni mama," alisema.

"Mama gani?"

"Mama yangu mimi, Mwaniki. Mama mzazi."

"Haki ya nani! Sasa anaenda wapi?"

Alikokuwa akienda kulikuwa mbele. Hatua zilizidi kukaribia maikrofoni za jukwaani, na oboe, iliyopaswa kuiachia noti yake ya mwisho ili fidla ziingie, haikuiachia. Iliivuta. Iliivuta kwa namna ambayo Nasra, aliyekuwa na karatasi za muziki mapajani, alijikuta naye ameshika pumzi. Bangili zikalia kwa mkupuo mmoja, kama za mtu anayeweka kitu mahali. Kisha oboe ikashuka taratibu, fidla zikaingia, na hatua zikarudi zilikotoka.

Wakati wa mapumziko alimkuta mama yake, Bi Masika, kwenye ukumbi wa nje, amekaa wima kwenye kiti cha mahameli, mtandio umemkaa sawasawa, uso umetulia kama wa mtu aliyetimiza wajibu. Mwangalizi wa viti alikuwa amesimama karibu naye, hajui amwambie nini.

"Mama, umefanya nini?"

"Kwani nimefanya nini? Nimemtuza."

"Mama! Hapa hawatuzi."

"Hukunambia hivyo." Bi Masika alihesabia vidole. "Ulinambia nisipige makofi mpaka mwisho. Nilipiga? Ulinambia nisiimbe, nisizungumze na jirani, simu niizime. Simu hii hapa, imekufa kabisa. Vigelegele vilinifika hapa kooni, nikavimeza. Kutuza hukukutaja."

Ilikuwa kweli. Nasra alikuwa amemfunza mama yake, mgeni wake kutoka Unguja, adabu zote za ukumbi ule isipokuwa hiyo moja, kwa sababu haikumpitia akilini kwamba ingehitaji kutajwa. Kwao Unguja, mwanamke anapoguswa na taarabu huinuka, hujongea mbele kwa mwendo wa madaha, zawadi ameinyanyua mkononi ili watu waione, akamkabidhi mwimbaji na kurudi kitini. Hakuna anayehesabu kuwa amekatiza muziki. Muziki wenyewe humsubiri.

"Na bashraf haina mwimbaji, haituzwi, Mama. Wewe ndiye uliyenifunza. Hatuzwi mpiga ala, hutuzwa mwimbaji."

"Najua. Lakini yule bwana wa zumari alikuwa anapiga? Mie nilimsikia anaimba."

Alikuwa amemwekea kikuba kwenye kibao cha karatasi zake za muziki: asumini alizoziomba asubuhi ile kwa jirani Mreno wa Nasra mtaani Rosettenville, ambaye ukuta wake mwezi huo wa Septemba ulikuwa umefunikwa na maua, na rehani ya kwenye mkebe wa dirishani kwa Nasra. Noti hakutaka kutoa. Pesa za huku, alisema, hajazizoea, asije akamdhalilisha mtu.

*

Simfonia ile Bi Masika hakuwa akiisikia kwa mara ya kwanza, na hilo ndilo wasilolijua wengi waliokuwa ukumbini.

Marehemu mumewe, Pandu, alikuwa mpiga fidla wa kikundi cha taarabu mjini Unguja. Katika miaka ile ambayo Wajerumani wa Mashariki walikuwa wakijenga majumba ya ghorofa Kikwajuni, mhandisi mmoja wao alizoea kuja klabuni kusikiliza mazoezi, na alipomaliza mkataba wake alimwachia Pandu santuri moja. Kwenye jalada palikuwa na picha ya mnara wa kanisa na jina la mji ambao hakuna mtu mtaani aliyeweza kulitamka. Pandu aliipiga santuri hiyo kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana, hata mikwaruzo yake ikajulikana na nyumba nzima. Katikati ya sehemu ya pili, oboe ikiwa peke yake, kulikuwa na king'ora. Kilianza mbali, kikajaa, kikafifia, na oboe ikaivuta noti yake mpaka king'ora kikaisha. Watoto walikisubiri na kukiiga kwa midomo, na baba yao alinyanyua upinde wa fidla kuwanyamazisha, naye mwenyewe akicheka. Nasra alikua akiamini kwamba orkesta zote duniani zina mpiga king'ora.

Miaka mingi baadaye, alipokuwa mwanafunzi wa uhandisi wa sauti hapa Johannesburg, ndipo alipoisoma historia yenyewe. Orkesta ya Wiesenbrück ilianzia kwa wapiga tarumbeta waliolipwa na baraza la mji ili wakae juu ya mnara, watangaze saa na watoe tahadhari ya moto. Vizazi vilivyofuata viliwashusha mnarani, vikawaongezea fidla, vikawajengea ukumbi. Mtunzi wa simfonia alikuwa mwana wa mji huohuo, na ikawa desturi kwamba kila kizazi cha wapigaji huirekodi upya.

Rekodi ya kwanza ilifanywa katika chumba cha hoteli, wanaume wamebanana mbele ya pembe kubwa ya bati ya kunasia sauti, tarumbeta nene ya tuba ikishika nafasi ya fidla kubwa za besi kwa kuwa pembe ile haikuweza kuzisikia. Ya pili ilikuwa ya redio. Kisha vita vikaja, ukumbi ukateketea kwa mabomu, na rekodi ya tatu ikafanywa katika bwalo la chakula la kiwanda cha nyuzi, jengo pekee mjini lililobaki na paa la kuwatosha wote. Tepu ilikuwa adimu, ya kurudia haikuwapo. King'ora cha zamu kilipolia, mpiga oboe aliivuta noti na wenzake wakamsubiri. Hiyo ndiyo santuri ya Pandu. Rekodi ya nne ilifanywa katika ukumbi uliojengwa upya. Ya tano ilitolewa kwenye diski za leza, yaani CD, safi mno, kana kwamba waliopiga hawakuwa watu wa kuvuta pumzi.

Wakati huohuo rekodi ya tatu nayo ilitolewa upya kwenye diski. Nasra aliitafuta, akaipata, akaisikiliza kwenye maktaba ya chuo, na sehemu ya pili ilipofika hapakuwa na king'ora. Mafundi walikuwa wamekifuta na kuifupisha noti ya oboe ili pengo lisionekane. Walikuwa wameifanya kazi hiyo vizuri sana. Nasra alijihisi kama mtu aliyerudi kwao akakuta mlango wa mbele umezibwa kwa matofali na kupakwa rangi. Siku ile ndipo alipojua anataka kuwa mhariri wa sauti, na ndipo pia alipoanza kuiogopa kazi hiyo.

Kwa muda mrefu hakupewa nafasi ya kuifanya. Wageni waliokuja kurekodi walimtaka atege maikrofoni, na uhariri wakaenda kuufanyia kwao. Safari hii, ukumbi wa Wiesenbrück ukiwa umefungwa kwa matengenezo, orkesta iliamua kuifanya rekodi ya sita ikiwa ziarani, na Bi Annegret, msimamizi wa rekodi zao, alikubali kumjaribu. Masharti yalikuwa wazi. Achague kilicho bora katika maonyesho mawili ya usiku Johannesburg, aunganishe, atume. Kamati ya wapigaji ikiridhika, jina lake litachapishwa kwenye jalada. Isiporidhika, kila kitu kitapelekwa Ujerumani kwa mhariri wao wa siku zote, na Nasra atarudi kwenye nyaya zake.

*

Usiku wa pili Bi Masika alibaki nyumbani, kwa hiari yake kama alivyodai, na sehemu ya pili ikapigwa bila dosari. Kila noti ilikaa mahali pake. Oboe ilivuta kidogo, ikaachia, fidla zikaingia.

"Basi kazi imeisha," alisema Mwaniki siku walipoketi studioni Midrand, malori ya maghala yakipita nje bila kusikika ndani. "Tumia hii ya usiku wa pili. Iko sawa."

"Iko sawa," alikubali Nasra. "Sikiliza sasa ya usiku wa kwanza."

Mwaniki alikuwa mwalimu wa kwaya ya kanisa lake, mtu mkali ambaye waimbaji walimwogopa kuliko walivyomwogopa mchungaji. Alisikiliza macho yamefumbwa, akairudia, akaegemea kiti.

"Eish. Mzee alipiga. Usiku wa pili alisoma tu, lakini huu wa kwanza alipiga." Alikuna kidevu. "Fanya hivi. Ondoa mama, bakisha mzee. Programu tunayo. Bangili ziko juu kabisa, zitatoka kama vumbi. Hatua nazo, kazi ya asubuhi moja."

Nasra alifanya hivyo. Ilimchukua zaidi ya asubuhi moja, lakini aliifanya kwa uangalifu aliokuwa ameutunza tangu chuoni. Alifuta bangili moja baada ya nyingine, akazizimisha hatua, akaijaza mianya kwa ukimya wa ukumbi uleule. Alipomaliza hakuna ambaye angejua kuwa mtu alipita. Kisha wakasikiliza.

Oboe iliimba peke yake. Ilifika kwenye noti ya mwisho, ikaivuta. Ikaivuta zaidi.

"Anangoja nini?" Mwaniki alifumbua macho. "Mbona sasa kama amesahau?"

"Unaona?"

"Rudia." Wakarudia. Mwaniki alitikisa kichwa. "Ile ya kwanza alikuwa anangoja mtu. Hapa ni mzee wa watu amepotea njia kwenye roboti, taa ya barabarani imewaka kijani, madereva wanampigia honi."

Nasra alicheka, lakini kicheko hakikudumu. Sikio lake lilikuwa limekwisha kumpa hukumu, na sikio lake alilijua: hatua na noti vilikuwa kitu kimoja, na aliyekiondoa kimoja alikiharibu cha pili. Hilo hakulitilia shaka. Alichokitilia shaka ni nafsi yake. Je, angekuwa mama wa mtu mwingine? Angekuwa mzee tajiri wa Sandton aliyekwenda msalani kwa viatu vya kelele, angeketi hapa kumtetea? Aliyajua majibu mawili ya swali hilo, na kila moja lilimjia kwa sauti ya kujiamini sawasawa.

"Nikuambie ukweli?" Mwaniki alisema wakifunga studio. "Ukituma hiyo ya mama, wale watasema, huyu tumempa kazi, ametuletea albamu ya familia."

"Najua."

"Na jina lako litaenda."

"Najua, Mwaniki."

"Sharp, sawa. Nilitaka tu tujue wote."

*

Jumapili ilipofika, Nasra alimsikilizisha mama yake rekodi zote tatu, jikoni Rosettenville, Bi Masika akichambua mchele kwenye sinia kubwa na mkwewe Karimu, mume wa Nasra, akimenya vitunguu huku amewageuzia mgongo, macho yanamtoka machozi.

Bi Masika alisikiliza ya usiku wa pili, akasema nzuri. Alisikiliza ile iliyofutwa, akaendelea na mchele. Ilipokuja ya tatu na bangili zake zikalia ndani ya spika, mikono yake ilisimama juu ya mchele.

"Hii ndo watakayouza?"

"Nataka kuwatumia hii."

"Nitoe."

Nasra alidhani hakusikia vizuri. "Umesemaje, Mama?"

"Nitoe, nakwambia. Mie nilikwenda pale kumtuza mtu, si kuingia kwenye santuri. Watu watasemaje? Binti Pandu kapewa kazi ya maana na Wazungu, kamtia mamake ndani na bangili zake. Mjini nitapita wapi?"

"Mama mkwe, wengine wanalipa ili waingie," alisema Karimu.

"Weye menya vitunguu." Bi Masika aliendelea kuchambua, sasa kwa haraka. "Kwanza hata sikujua kama nitakwenda mpaka mbele. Kikuba nilikishika tu nikinuse. Ila pale mahali palinishinda."

"Mahali gani?"

"Pa king'ora." Alisema kama mtu anayetaja jambo linalojulikana na kila mtu. "Si pale ndipo kinapolia? Nimekaa nakisubiri. Yule bwana akaanza kuvuta. Anavuta, anavuta, na hakuna kinachokuja. Nikamwonea imani. Babako angekuwapo angenyanyua upinde. Mtu anasubiri namna ile, utamwacha peke yake? Nikasema basi, n'ende mie."

Spika ilikuwa bado inaendelea na fidla. Nasra alikuwa ameisikiliza sehemu ile kwa siku nyingi mfululizo, ameipima na kuikatakata, na hakuwa ameona kwamba mama yake aliingia palepale, kwenye noti ileile ambayo kiwanda cha nyuzi kiliitolea king'ora chake. Hakuona kwa sababu alikuwa akimtazama mama na kuitazama aibu yake mwenyewe. Hakuwa ameutazama muziki.

Shaka yake ikaondoka kwa njia ambayo hakuitarajia. Alikuwa akihofu kwamba anazibakisha hatua zile ili kumfurahisha mama. Sasa mama mwenyewe alitaka ziondoke, na bado Nasra alitaka zibaki.

"Sikutoi, Mama," alisema. "Unisamehe. Nimekataa."

Bi Masika alipuliza makapi kwenye sinia. "Kama babako," alisema. "Haya. Lakini jina langu usiliandike."

*

Alituma rekodi zote tatu, bila kusema anayoipendelea ni ipi, na chini yake aliandika kwamba mwanamke anayesikika akitembea ni mama yake mzazi, ili wanaohukumu wahukumu wakilijua hilo. Mwaniki alimwambia kuwa sentensi hiyo ya mwisho haikuhitajika. Nasra alimwambia kuwa bila sentensi hiyo asingelala.

Kikao kilifanyika kwa video, mchana. Kwenye kioo alikuwapo Bi Annegret, miwani imepanda kwenye paji la uso. Kiongozi wa orkesta, kijana mwenye shingo ndefu na subira fupi. Na Bwana Volkmar, mpiga oboe, aliyekuwa pia mjumbe wa kamati ya wapigaji. Walizungumza Kiingereza, kila upande kwa lafudhi yake.

"Nianze mimi," alisema kiongozi. "Hatua hizi ni ajali. Ninamheshimu mama yako, lakini rekodi si mahali pa kuhifadhi ajali. Tunayo safi ya usiku wa pili. Sioni tunajadili nini."

"Ile safi ni sahihi," Nasra alijibu. Sauti yake ilitoka imetulia kuliko alivyotarajia. "Kama nyote mtaichagua, nitaikamilisha leo. Lakini mmeajiri sikio langu, na sikio langu linasema kwamba usiku wa kwanza noti ile ilikuwa na mahali pa kwenda. Nilijaribu kuziondoa hatua. Mmesikia inakuwaje. Bwana Volkmar anageuka mtu aliyepotea."

"Ni kweli," alisema Volkmar. "Nilijionea aibu."

"Volkmar, hata mazoezini nilikuambia usivute hapo," alisema kiongozi. "Haikuandikwa."

"Haikuandikwa. Mwalimu wangu aliniambia nivute. Naye aliambiwa na mwalimu wake, na huyo ndiye aliyepiga siku ile kiwandani." Mzee alikuwa akizungumza polepole, akichagua maneno. "Wapiga oboe wa mji wetu wote tunavuta hapo. King'ora hakipo siku nyingi, kiwanda hakipo, hata diski mpya haina. Bado tunavuta. Kwa miaka yangu yote nimekuwa nikisubiri kitu kwenye noti ile bila kujua ni nini. Kule Johannesburg niliona mama mmoja anakuja, amenyanyua maua. Nikaona si adabu kumaliza kabla hajafika."

Kisha Bi Annegret akaomba dakika chache, akaizima sauti, na wale watatu wakaanza kuzungumza Kijerumani nyuma ya kioo.

"Yule kijana anakasirika," alinong'ona Mwaniki.

"Huenda anaagiza kahawa."

"Kahawa gani ya kupigia meza? Angalia mkono wa mzee. Mzee anakataa kitu. Aki, Nasra, si ungesoma Kijerumani chuoni?"

Sauti ilirudi. Aliyezungumza alikuwa kiongozi, na hakuonekana mtu aliyeshindwa wala aliyeshinda.

"Nimekubali aende jukwaani," alisema. "Sikubali arudi. Anaporudi kitini, hatua zake zinakanyaga mwanzo wa fidla. Pale hakuna anayemsubiri. Pale ni kelele tu. Au nakosea?"

Nasra aliipiga sehemu ile kwa sauti ya chini, hedifoni moja sikioni. Fidla ziliingia kwa upole mkubwa, na juu yake visigino vya mama vilirudi, koko, koko, mpaka kitini. Kijana alikuwa na haki. Safari ya kwenda iliubeba muziki, na ya kurudi iliukanyaga. Kwa siku zote hizo hakulisikia hilo, kwa kuwa alikuwa na furaha ya kumsikia mama yake anafika salama mahali pake.

"Hukosei," alisema. "Hapo nilikuwa binti, si mhariri. Kuanzia fidla nitaingiza usiku wa pili."

"Basi hiyo ndiyo rekodi ya sita," alisema Bi Annegret, akiishusha miwani yake. "Na tafadhali niandikie jina lako kamili, unavyotaka lisomeke kwenye jalada."

Mwaniki alimpiga teke la furaha chini ya meza, likamuumiza.

*

Diski ilimfika Bi Masika Unguja kwa mkono wa mfanyabiashara wa vitambaa aliyekuwa akirudi kutoka Johannesburg. Jioni ileile alipiga simu.

"Nimeisikiliza," alisema bila salamu. "Jina lako liko wapi? Fauzia wa jirani kaligeuza jalada mara tatu."

"Nyuma, Mama. Chini kabisa, maandishi madogo."

"Ngoja." Karatasi ilisikika ikigeuzwa, sauti ya jirani ikasoma kwa kukatakata, na bangili zikalia karibu na simu. "Haya, limeonekana. Nasra Pandu. Wamelipatia, halina kosa." Nasra alimsikia akivuta pumzi, na akajua mama yake anayafuta macho na hataki ijulikane. "Lakini kuna jambo moja sijaridhika nalo."

"Jambo gani, Mama?"

"Nakwenda, namsikia yule bwana ananisubiri, naweka kikuba. Vizuri. Kisha fidla zinaingia, nami sirudi."

"Ndiyo, Mama. Hapo ulikuwa unazikanyaga fidla."

"Kwa hiyo mmeniacha kulekule jukwaani?"

"Tumekuacha jukwaani."

Nyuma ya Bi Masika, mtu alikuwa ameirudisha diski mwanzo wa sehemu ya pili, na oboe ilikuwa inaanza tena.

"Basi nyamaza," alisema, "nisikilize ninavyokwenda."